Ua wa Minyaa

Mama alipofariki, nyumba yake ya Malindi ilifungwa kwa miaka mitatu, na miaka yote hiyo ua ukaendelea kukua bila kuulizwa na mtu. Mimi nilikuwa Mariakani, kwenye kiwanda cha maziwa, ambako kazi yangu ni kupima maziwa yanayoletwa na wafugaji kila asubuhi, kuyakubali au kuyarudisha. Kaka yangu, ambaye ndiye ndugu wa pekee niliye naye, yuko Nairobi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake atakwenda kuiangalia nyumba, na kwa vile sote wawili tuliogopa kuikuta tupu, hakuna aliyekwenda.

Mwishowe kaka akapata wapangaji, mwalimu na familia yake, waliotaka kuhamia mwezi uliofuata. Akanipigia simu kuniomba niende nikausafishe uwanja. Alisema ni kazi ya siku mbili. Nikaomba likizo ya wiki mbili, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa ndugu yangu hajawahi kushika panga maishani mwake.

Tuktuk iliniteremsha kwenye kichochoro chetu, na dereva akaniuliza kama nina hakika kuna nyumba pale. Hata mimi nilisita. Upande wa barabara bogenvilia ilikuwa imeupanda mwarobaini hadi kileleni, kisha ikaning'inia upande wa pili kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba, nyekundu na zambarau. Lango lilikuwa limemezwa. Niliona kufuli tu, limening'inia katikati ya majani, na kwa kufuli hilo nikajua pa kuingilia. Nikaingia kinyumenyume, ili miiba ishike mkoba wangu badala ya uso.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa ya ajabu kidogo. Nilifungua madirisha yote, lakini mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani. Ulichujwa na majani mengi hata ukapoteza joto lake njiani, ukafika sakafuni umepoa, unatikisika. Niliitazama mikono yangu nikaiona kama ya mtu aliye chini ya maji. Niliketi kwenye kitanda cha mama nikiwa bado nimevaa viatu, na ingawa nilikusudia kuketi kidogo tu, mchana wote ukapita. Sikuwa nimelala wala sikuwa macho sawasawa. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati, na mara moja nilisikia, au nilidhani nimesikia, mtu akifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, taratibu, kama mama alivyokuwa akifagia.

Upande wa kusini, kati yetu na jirani, ua haukuwa wa bogenvilia. Ulikuwa wa minyaa. Mnyaa ni mti usio na majani ya kuonekana. Matawi yake ni vijiti vya kijani, vya mviringo, vinene kama penseli, kijiti kimeota juu ya kijiti. Ukivunja kimoja, kinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Mbuzi hawaugusi. Watoto wa kwetu hufundishwa mapema kwamba maziwa yale hayachezewi, kwa kuwa yakiingia jichoni huweza kupofusha. Nilipokuwa mdogo ua huo ulinifika kiunoni. Sasa ulikuwa umelipita paa.

Nyuma ya ua huo aliishi mwanamke wa rika la mama, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya Lamu. Udogoni nilimwita Mamkubwa, na nilikula kwake karibu sawa na nilivyokula kwetu. Kisha tukaacha kwenda. Sikumbuki siku wala sababu. Nakumbuka tu kwamba ulifika wakati mama hakuenda tena upande ule, nami nikaamua peke yangu kwamba walikuwa wamegombana. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini ua wenye sumu uliosimama kati ya nyumba mbili ulinitosha kuwa maelezo. Nikakua nikimbebea mama yangu hasira ambayo sikujua chanzo chake. Nikikutana na yule jirani njiani nilimpa shikamoo ya haraka bila kusimama. Siku ya mazishi ya mama alikuja, akaketi mkekani na wanawake wengine, na nilipopita na sinia la chai nilimpa kikombe bila kumtazama usoni.

Asubuhi ya pili mwenye duka la pembeni alinitafutia mtu wa kufyeka. Alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, umri wake karibu na wangu, aliyekuja kwa baiskeli akiwa amefunga mapanga mawili na shoka kwenye kiti cha nyuma. Kazi yake ni hiyo, kusafisha viwanja vya watu waliokaa mbali na nyumba zao. Aliuzunguka ua wote kimya, akiinama hapa na pale kutazama mashina, kama daktari anayemzunguka mgonjwa. Kisha akaniambia mpango wake. Ataanza na bogenvilia, atamaliza na minyaa. Siku ya minyaa nitakaa ndani na kufunga madirisha. Na chochote kitakachokatwa, kisichomwe moto, kwa sababu moshi wa mnyaa unauma macho kama utomvu wake.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Yeye alikata, mimi nikakokota matawi kwa reki na kuyarundika katikati ya uwanja. Tulivyozidi kukata, ndivyo ua ulivyozidi kutoa vitu ulivyovificha: ndara moja ya mtoto, mpira uliooza, beseni la bluu lenye tundu, fremu ya dirisha, na viota vitatu vya ndege ambavyo yule bwana alivihamisha kwa mikono miwili hadi kwenye mkwaju, ingawa vilikuwa vitupu. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeanza kupenda namna alivyofanya mambo. Jioni tulitazama mwanga wa kweli ukiingia sebuleni kwa mara ya kwanza, mrefu na wa manjano, na vumbi likielea ndani yake bila haraka.

Siku ya tatu alianza minyaa. Alijifunga kitambaa usoni, akavaa miwani ya kuendeshea pikipiki na shati la mikono mirefu, akaniomba niingie ndani. Niliingia. Nilikaa labda nusu saa. Kisha kupitia dirisha la jikoni nikaona kitu chini ya ua, mahali alipokuwa bado hajafika. Mashina mawili yalikuwa yameachana kidogo, na kati yao kulikuwa na mawe bapa, matatu au manne, yamepangwa moja mbele ya jingine na kupotea gizani ndani ya ua. Mawe yaliyopangwa na mtu. Nilihisi ninayajua. Nyayo zangu ndizo zilizoyajua, kabla ya kichwa.

Nikatoka. Sikumwambia. Niliinama kwenye yale mawe, nikaingiza mkono kusukuma tawi pembeni ili nione yanakwenda wapi, na tawi likakatika juu ya kichwa changu. Nakumbuka mlio wake, mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia jiko. Nakumbuka tone moja baridi. Nilifanya lile ambalo kila mtoto wa pwani ameonywa asifanye: nikajifuta macho yote mawili kwa mkono uleule.

Maumivu hayakuja mara moja. Kwanza palikuwa na utulivu mfupi, halafu moto. Nilipiga magoti. Yule bwana alitupa panga akaja mbio, akaniuliza maji yako wapi. Mfereji ulikuwa mkavu tangu nyumba ilipofungwa, na mtungi wangu wa jikoni ulikuwa umebaki na maji ya kikombe kimoja. Ndipo sauti ya mwanamke ikatokea upande wa pili, karibu sana, kama mtu aliyekuwa amesimama pale muda wote.

"Mlete huku. Mpitishe hapo hapo penye mawe."

Yule bwana alinifunika gunia kichwani na mabegani, akaniinamisha, akanipitisha. Nilitambaa juu ya mawe yale kwa mikono na magoti, macho yamefumbwa, harufu ya utomvu na vumbi puani. Upande wa pili mikono ikanipokea, ikanilaza, ikaweka kichwa changu kwenye mapaja ya mtu. Leso yake ilinukia udi. Yule bwana alisema kwao watu hutia maziwa ya mama anayenyonyesha. Yule mwanamke akamjibu kwamba hapo hapakuwa na mama anayenyonyesha, palikuwa na kisima, na amletee ndoo.

"Fumbua macho, mwanangu," akaniambia. "Najua yanauma. Fumbua, nikutilie maji."

Alinimwagia kata baada ya kata, akinifumbua kope kwa vidole vyake. Sijui ndoo ngapi ziliisha. Nilipojaribu kuinuka alinirudisha chini kwa kiganja kimoja kifuani, nikakumbuka kiganja kile. Ndicho kilichokuwa kikinilaza mchana nilipokuwa na miaka minne na sitaki kulala.

Hospitalini tabibu aliniambia kwamba kama nisingeoshwa kwa wingi na kwa haraka kiasi kile, angekuwa ananipa habari nyingine. Utomvu ulikuwa umeunguza ngozi ya juu ya macho, lakini itarudi. Akanipa dawa ya matone, akanifunga macho yote mawili, akaniambia nirudi baada ya siku tatu. Jirani, ambaye alikuwa amenisindikiza kwenye tuktuk akiwa amenishika kiwiko, hakuuliza nitakaa wapi. Alimwelekeza dereva nyumbani kwake.

Siku zile tatu ni vigumu kuzieleza kwa mpangilio, maana mpangilio huletwa na macho. Nililazwa kwenye chumba cha ndani, juu ya kitanda cha kamba ambacho kililia kila nilipogeuka. Nyuma ya kitambaa hapakuwa na giza nililolitarajia. Palikuwa na wekundu, kama ukiangalia jua kupitia kiganja, na wekundu huo ulififia na kukolea kufuatana na saa. Nilijua saa kwa adhana. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kwa siku tatu niliishi kwa adhana. Nikiisikia ya alasiri nilijua chai inakuja, na mkate wa sinia pamoja nayo, kipande kimewekwa mkononi mwangu na vidole vyangu vikakunjwa juu yake.

Nilianza kuiona nyumba kwa masikio. Niliujua mlango wa uani kwa sababu ulikwaruza, na jikoni kwa sababu ya kifuniko cha sufuria kilichocheza kila chai ilipochemka. Mara nyingine nilisinzia, nikaota ninatembea juu ya mawe bapa yanayoendelea tu, jiwe baada ya jiwe, pande zote mbili vijiti vya kijani, na mwisho wake hauji, wala sina wasiwasi nao. Nilipoamka sikuwa na njia ya kujua kama nimeamka.

Na wakati wote huo, nje, panga lilikuwa likilia. Yule bwana hakuacha kazi. Niliusikia ua ukianguka: pigo, pigo, kisha mburuto mrefu kama wa mvua inayokaribia. Siku ya kwanza mlio wa panga ulikuwa mzito, umefungwa. Siku ya pili ulianza kupata mwangwi, kama chumba kinachoondolewa vyombo. Alasiri ya siku hiyo ya pili nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya nyuma, na ghafla upepo ukanigusa uso. Ulikuwa upepo wa baharini, una chumvi, nao ulikuja moja kwa moja, hauzunguki kitu. Jirani alikuwa akichambua mchele kando yangu. Nikasikia mikono yake ikisimama.

Akasema ilikuwa miaka mingi haujapita pale. Alikuwa amesahau kwamba hupita.

Ndipo nikamuuliza. Nadhani nisingeweza kumuuliza kama ningekuwa ninamwona. Nilimuuliza yeye na mama waligombana kwa jambo gani.

Akauliza, kwa sauti ya mshangao mtupu, "Nani alikwambia tumegombana?"

Akanieleza kwa utulivu, mchele ukiendelea kumwagika kutoka ungo hadi sufuria. Minyaa ile waliipanda pamoja. Marehemu mumewe alikuwa na mbuzi, na mbuzi walikuwa wakila mihogo na mchicha wa mama kila uchao. Basi asubuhi moja yeye na mama walinyosha kamba kutoka kona hadi kona, mama ameshika ncha moja na yeye ncha nyingine, wakachomeka vijiti kimoja baada ya kingine, wakicheka, kwa sababu vilikuwa vidogo hata havikuonekana kama vinaweza kumzuia kuku. Katikati waliacha upenyo, wakaupanga mawe ili wasikanyage matope wakati wa mvua. Kwa upenyo huo zilipita chumvi, makaa ya moto, sahani zilizofunikwa, na mimi.

Halafu mumewe akaugua, akaugua muda mrefu, akafariki. Yeye akaingia eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Wakati huohuo mama alipata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya Watamu, anaondoka asubuhi na kurudi magharibi, siku sita kwa wiki. Masika ya mwaka huo yalikuwa mazuri. Eda ilipokwisha, upenyo ulikuwa umejifunga.

"Mimi nilingoja yeye atafute mtu wa kuukata," akasema. "Yeye akangoja mimi. Hatukugombana, mwanangu. Ulikua tu."

Nilimuuliza inakuwaje watu wawili waliopendana wakae hivyo miaka yote. Akasema hawakukaa kimya kama ninavyofikiri. Walikutana mara mojamoja kwenye arusi na misiba, wakashikana mikono. Na nyumbani walisikizana. Mama alikuwa akifagia uwanja kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na yeye alikuwa akisimama upande wake wa ua, akasikiliza. Akisikia ufagio alijua mwenzake ni mzima. Naye akigonga kifuniko cha sufuria mara mbili kwa mwiko, ufagio wa mama ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Hivyo ndivyo walivyosalimiana, asubuhi zote hizo, wakati mimi niko shule ya bweni, na baadaye Mariakani, na kaka yuko Nairobi.

"Siku niliyokosa kusikia ufagio," akasema, "nilingoja hadi jua likapanda. Kisha nikatuma watu wavunje mlango."

Miaka mitatu nilikuwa nikidhani ni mwenye duka aliyegundua kwamba mama amekufa. Mwenye duka ndiye aliyetupigia simu. Sikuwahi kuuliza nani alimwambia.

Nililia chini ya kitambaa, jambo ambalo tabibu hakulikataza wala kuliruhusu. Machozi yaliuma kama utomvu wenyewe. Nikamwomba radhi kwa zile shikamoo za njiani, na kwa siku ya mazishi, kwamba nilimpa kikombe bila kumtazama. Niliusikia ungo ukiwekwa chini.

"Ulinipa chai," akasema. "Ilikuwa na sukari ya kutosha."

Siku ya nne tabibu alinifungua. Kwanza niliona weupe tu, weupe wa kuelea, kama maziwa yanayomiminwa katika maji, na kwa muda nilifikiri ndivyo nitakavyoona daima. Kisha doa jeusi likatokea katikati, likawa vazi la buibui, na juu ya buibui uso. Ulikuwa umezeeka. Mashavu yalikuwa yameingia, nyusi zimekuwa nyeupe, na jicho moja lilikuwa na ukungu wa uzee. Sikuwa nimeutazama uso huo sawasawa tangu utoto, kwa hiyo kwangu ulizeeka pale pale, katika muda wa kupepesa macho. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, ndefu, kama anavyoitikiwa mtu aliyetoka safari.

Tuliporudi nilisimama jikoni kwa mama. Kupitia dirisha niliona jiko la jirani, kwa karibu kabisa, hatua kumi na tano hivi. Niliona sufuria. Kati yetu palikuwa na ardhi tupu, ya kijivu, yenye visiki vifupi, na yale mawe bapa juani. Kila kitu kilikuwa na ukingo wa mwanga kwa sababu macho yangu yalikuwa bado yanalengalenga. Kuku wa jirani walikuwa wameshavuka.

Ikabaki taka. Nilikuwa nimeisahau. Rundo lililokuwa katikati ya uwanja lilikuwa limefika kimo cha dari: bogenvilia iliyokwisha kunyauka, matawi ya mwarobaini, na kando yake, peke yake, minyaa. Wapangaji walikuwa waje baada ya siku saba. Gari la taka linalopita mtaani lilisimama, na mtu wake akachungulia langoni, akasema wanabeba mifuko, hawabebi misitu. Jirani mwingine akatushauri tukatupe kwenye machimbo ya zamani ya mawe, karibu na ufuo, ambako kila mtu hutupa. Yule bwana wa Kakuyuni akakataa. Alisema watoto hucheza mle, na mnyaa hauhitaji kaburi, ukiutupa unaota. Nilimwambia basi tungoje ukauke. Akasema kuukausha ni miezi, na wenyewe hautaki kukauka.

Halafu akanichukua nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mkwaju. Sikuwa nimepita huko tangu nifunguliwe macho. Alikuwa amekata vijiti vya minyaa kwa urefu wa mkono, mamia, akavifunga mafungu kwa kamba za makuti na kuvisimamisha ukutani, ncha zilizokatwa zikiwa zimeshaanza kufanya kovu. Alikuwa akifanya kazi hiyo kila jioni baada ya kufyeka, wakati mimi nimelala upande wa pili. Akanieleza kwa aibu kidogo. Shamba lake la Kakuyuni halina boma. Ng'ombe na mbuzi wa watu huingia kwenye mahindi, naye ameshagombana na jirani zake hata amechoka. Kijiti cha mnyaa kikikaa kivulini siku kadhaa utomvu ukakauka, kisha ukakichomeka ardhini kabla ya mvua, kinashika.

"Kama huna neno, dada," akasema, "hii mimi sitaitupa. Nitaipanda."

Sikuwa na neno. Tulizitumia siku zilizobaki kupanga. Majani laini ya mwarobaini na uchafu wa chini tulivitia kwenye shimo alilolichimba yule bwana kati ya nyumba mbili, na jirani akaja na maganda ya jikoni na majivu kuongezea, akisema mlimau wake haujala kitu cha maana siku nyingi. Miiba ya bogenvilia tuliifunga mafungu, iende Kakuyuni ikawekwe mbele ya vijiti wakati bado ni vidogo. Yule bwana na mimi tulivaa glavu na miwani. Jirani aliketi barazani akitusimamia, na kila nilipoinua mkono karibu na uso aliniita.

Pikapu iliyokuwa ikileta mananasi na mboga sokoni Malindi ilikuwa ikirudi Kakuyuni tupu kila alasiri. Dereva alikubali kubeba, kwa safari tatu. Safari ya mwisho nilipanda nayo, na jirani akasema naye atakuja. Alikuwa ameishi Malindi maisha yake yote na hakuwahi kufika Kakuyuni. Tukamkalisha mbele, dirishani, mimi katikati. Njiani aliangalia mashamba ya mahindi makavu, mikorosho, watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule kwenye vumbi jekundu, na aliangalia kwa makini sana, kama anayesoma barua.

Shambani mke wa yule bwana alikuwa ameshanyosha kamba. Tulichomeka vijiti hadi jua likapungua nguvu, shibiri moja kati ya kimoja na kingine, miguu ikikandamiza udongo. Jirani alivua viatu, akakataa kuketi. Alishika ncha ya kamba. Mwenye shamba aliposema atafunga ncha kwenye mti ili mama huyo apumzike, alimjibu kwamba kamba inayoshikwa na mtu hainyooki kama inayofungwa, lakini ina maneno, na tukacheka wote. Vijiti vilionekana vya mzaha, vimesimama kwenye udongo mtupu kwa mstari mrefu, kimo cha goti.

Wapangaji waliingia kama ilivyopangwa. Niliwaomba jambo moja tu, wasijenge ukuta upande wa kusini bila kumuuliza jirani, na mke wa mwalimu akasema tayari alikuwa ameshakwenda kuomba kitunguu. Mimi nikarudi kiwandani. Jicho la kushoto bado hutoa machozi nikitoka kwenye mwanga mkali, na wafugaji wapya, wakinikuta asubuhi mlangoni na kipimo mkononi, huniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Mwisho wa kila mwezi nakwenda Malindi, nafikia kwa Mamkubwa. Masika yalipoanza, yule bwana wa Kakuyuni alinitumia picha kwa simu. Haikuwa wazi, kulikuwa na matone kwenye kioo. Nilimpelekea Mamkubwa, akaishika simu karibu na jicho lake zuri, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena. Nje mvua ilikuwa ikianguka bila nguvu, mvua ya kunong'ona, na mlimau ulikuwa umechanua. Akaniuliza yale madoa ya kijani kwenye ncha ni machipukizi au ni mvua. Nikamwambia sijui. Akasema tuiangalie tena kesho kukiwa na mwanga, akaifunika simu kwa leso mapajani mwake, na muda si mrefu akasinzia akiwa ameketi.